Filamu inaruhusiwa kudanganya, lakini si juu ya lava

Filamu ya volkano ikiwekwa kwenye televisheni mjini Goma, ubishi hauko mbali. Gari linapita juu ya lava, matairi yanashika moto, dereva anakanyaga mafuta, familia yake inaokoka. Mmoja anapiga makofi. Mwingine anacheka na kusema huyo dereva angekuja kujaribu Buhene. Wa kwanza anajibu kwamba filamu ni filamu, na mwenye kutaka ukweli asikilize habari kwenye redio. Wa pili anashikilia kwamba anayetengeneza filamu ya sayansi bila kuheshimu sayansi anawadharau watazamaji.

Mahali ambapo familia zinatafuta maji, makala na shitingi ya kuezekea, ubishi huo unaweza kuonekana mchezo wa wenye nafasi. Lakini Goma umejengwa juu ya lava iliyopoa. Mtoto aliyezaliwa hapa baada ya 2002 aliweza kuona lava mara kumi kwenye skrini kabla ya kuiona usiku wa Mei 2021. Na familia iliyokimbia vita kutoka Masisi au Walikale, ikaja kupanga hema chini ya Nyiragongo, haikukua na mlima huo. Inayoyajua juu yake imeyapata kwa majirani, kwa redio, na kwa filamu. Kwa hiyo swali la filamu zisemee nini na zinyamazie nini linawahusu hata wasiokuwa na televisheni.

Wabishi wote wawili wana haki nusu. Uongo katika hadithi uko wa aina mbili. Kuna uongo unaoomba ruhusa mlangoni, na kuna uongo unaoingia kimya kwa dirisha. Wa kwanza haudhuru mtu. Wa pili unabaki ndani ya kichwa baada ya filamu kuisha, na siku ya hatari mtu anautumia kama ukweli.

Uongo wa kwanza kila mtu aliyekaa karibu na moto wa bibi anaujua. Sungura anasema, fisi anajibu, simba anaitisha mkutano. Hakuna mtoto anayesimama kuuliza sungura alijifunzia wapi kusema. Bibi ameomba ruhusa kwa namna alivyoanza hadithi, na watoto wamempa. Mwandishi Mwingereza Samuel Taylor Coleridge aliandika juu ya ruhusa hiyo mwaka wa 1817: msomaji anaweka shaka yake pembeni kwa hiari yake mwenyewe. Kitu cha maana ni neno hilo, hiari. Lakini bibi huyohuyo akisema kwamba mke wa fisi alipika maharage makavu yakaiva mara moja, watoto wote watacheka. Sungura anayesema walimkubali, maharage ya haraka wanayakataa. Maharage wanayajua, na hakuna aliyewaomba ruhusa juu yake.

Hadithi za kubuni za kisayansi zinafuata sheria hiyohiyo. Mfano mzuri ni The Martian, kitabu cha Mmarekani Andy Weir kilichotolewa kwanza mwaka wa 2011, na filamu yake ya 2015. Mtu anaachwa peke yake kwenye sayari ya Mirihi baada ya dhoruba kali kuwakimbiza wenzake. Dhoruba hiyo haiwezekani. Hewa ya Mirihi ni nyepesi mno, karibu asilimia moja tu ya uzito wa hewa ya dunia, na upepo wake hauwezi kuangusha chombo. Mwandishi mwenyewe alikubali hadharani kwamba alijua hivyo. Alihitaji njia ya kumwacha mtu wake kule. Baada ya uongo huo mmoja, mengine aliyahesabu kwa uangalifu: maji, hewa, chakula, siku zilizobaki. Mtu huyo anapanda viazi kwa kukata vipande vyenye macho na kuweka mbolea ya choo. Mkulima wa Masisi akitazama sehemu hiyo anaweza kutikisa kichwa kwa kukubali. Dhoruba ataisamehe, kwa sababu viazi vimeheshimiwa.

Sasa filamu za lava. Mwaka wa 1997 Hollywood ilitoa mbili karibu kwa wakati mmoja: Dante's Peak na Volcano. Ya pili inapeleka volkano katikati ya Los Angeles, mji usiokuwa na volkano. Huo ni uongo wa mlangoni, na mtazamaji anaweza kuupokea kama sungura. Dante's Peak ni jambo lingine. Ilitengenezwa kwa ushauri wa wataalamu wa volkano, na mengi ndani yake ni ya kweli: matetemeko madogo yanayotangulia, maji ya moto yanayobadilika, miti iliyokauka kwa sababu ya gesi, wingu la moto na majivu linaloteremka mlimani kwa kasi isiyokimbilika. Mlima St. Helens wa Marekani uliua watu 57 mnamo Mei 1980 kwa nguvu za namna hiyo. Kwa sababu filamu inasema kweli mara nyingi, mtazamaji anaiamini. Na hapo ndipo gari linapopita juu ya lava.

Lava ya namna hiyo ina joto la kuzidi digrii 1000. Mpira unashika moto chini sana ya hapo, na joto lake linamchoma mtu aliye mita kadhaa kando, kabla hata hajaigusa. Filamu hiyo pia inachanganya milima miwili ndani ya mmoja. Kuna volkano za lava nzito na nata, zinazoziba halafu zinalipuka kwa majivu, kama St. Helens. Na kuna volkano za lava nyepesi inayotiririka, kama Nyiragongo. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo sana, na kwa hiyo inakimbia kuliko karibu lava zote zinazojulikana duniani. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa lote la lava lililokuwa juu ya mlima lilimwagika kupitia nyufa za ubavuni kwa muda usiofika saa moja. Karibu na nyufa hizo hakuna mtu wala baiskeli ambayo ingeshindana nayo. Mbali zaidi, kwenye ardhi tambarare, lava hiyohiyo inapungua mwendo hadi mtu anaweza kutembea mbele yake akiwa amebeba mtoto na godoro. Wakaaji wa Goma wanazijua hali zote mbili. Filamu inajua moja tu: ile inayofaa kwa mbio za gari.

Madhara makubwa huja wakati lava imesimama. Mwaka wa 2002, baada ya lava kukata mji na kuingia ziwa Kivu, makumi ya watu walikufa kwenye kituo cha mafuta kilicholipuka wakati raia wakichota mafuta karibu na lava ya moto bado. Mwaka wa 2021, baada ya usiku wa tarehe 22 Mei, watu kadhaa walikufa walipojaribu kuvuka lava iliyoonekana nyeusi na ngumu, wakapigwa na gesi na joto la chini. Walitaka kufika upande wa pili, kwa ndugu, kwa shamba, kwa barabara ya Rutshuru. Ganda lilikuwa gumu juu, moto ulikuwa chini. Filamu ambayo inamwonyesha shujaa akivuka lava nyekundu inamfundisha mtazamaji kwamba nyeusi ni salama zaidi. Hakuna aliyeomba ruhusa ya kufundisha hivyo.

Kisha kuna kile ambacho filamu hizo hazionyeshi kwa sababu kamera haiwezi kukipiga picha. Wataalamu wa volkano wa dunia nzima wanatumia kwa gesi hiyo neno moja la Kiswahili cha hapa: mazuku. Ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, isiyo na rangi, na inayojikusanya mabondeni na mashimoni. Ikizidi sehemu 10 kwa 100 za hewa, mtu anaweza kupoteza fahamu haraka. Mahali pengine kuzunguka Goma inazidi hapo mara mbili au tatu. Magharibi ya mji, kuelekea Lac Vert, Bulengo na Sake, maeneo ya mazuku yanajulikana, na ni upande huohuo ambao familia nyingi zilizokimbia vita zilipata nafasi ya kusimamisha mahema. Anayekufa kwanza ni mbuzi, au mtoto aliyetumwa kuokota kuni, kwa sababu pua yake iko chini kuliko ya mtu mzima. Anayefuata ni yule anayeshuka kumwokoa.

Katika filamu, hatari ina sauti na ina rangi. Mlima unanguruma, anga inageuka nyekundu, mbwa anabweka. Mtazamaji anajifunza kusubiri ishara. Mazuku haitoi ishara ya namna hiyo. Ishara zake ni wadudu na ndege waliokufa bondeni, majani yaliyokauka, moto unaozimika ukiteremshwa chini, na asubuhi mapema isiyo na upepo. Mtengeneza filamu yeyote angeweza kupata hofu kubwa ndani ya bonde hilo tulivu, bila kuunguza gari hata moja.

Uongo mwingine wa dirishani ni mgumu zaidi kuuona, nao ni juu ya tahadhari. Katika Dante's Peak mtaalamu mmoja anasema mlima utalipuka, wakubwa wanakataa, mlima unalipuka. Filamu za namna hii karibu zote zina mtaalamu huyo. Yeye hakosei kamwe. Wanaomkatalia wanaumbuka mbele ya watu wote.

Goma uliona kitu tofauti kabisa. Mnamo tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitoa lava jioni, bila tahadhari iliyowafikia wakaaji kwa wakati. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba dalili za kawaida zilikuwa chache mno na zilikuja zimechelewa. Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, viongozi waliamuru mitaa 10 iondoke, kwa sababu matetemeko yalikuwa yakionyesha lava ikitembea ardhini chini ya mji na chini ya ziwa. Mamia ya maelfu ya watu waliondoka kwa miguu, kwa wamotari, kwa boti, kuelekea Sake, Rutshuru, Bukavu na Gisenyi. Walilala makanisani, mashuleni na nje. Lava ya pili haikutoka. Mnamo Juni watu walianza kurudi, na wengi walisema wamedanganywa.

Hawakudanganywa. Lava ilikuwa chini kweli. Wanasayansi waliithibitisha baadaye. Ingetoka ndani ya mji, au ndani ya ziwa lililobeba gesi nyingi kiasi kile, idadi ya waliookolewa ingehesabiwa kwa namna nyingine. Ziwa dogo la Nyos nchini Kameruni lilitoa gesi yake usiku mmoja wa Agosti 1986 na kuua watu wapatao 1,700. Kuondoka Mei 2021 kulikuwa uamuzi mzuri ambao haukufuatiwa na kitu. Filamu haiwezi kuonyesha hilo, kwa sababu watazamaji wangedai fedha zao. Lakini mtu aliyelelewa na filamu ambamo kila tahadhari ya kweli inaishia na moto, ataona tahadhari isiyoishia na moto kuwa uongo. Siku nyingine atabaki nyumbani. Kwa familia ambayo imekimbia mara nne tayari, na kila mara ikapoteza mbuzi na sufuria, kishawishi cha kubaki ni kikubwa. Uongo huu una uzito kuliko ule wa matairi.

Jambo hilohilo linaonekana upande wa magonjwa. Filamu ya Outbreak ilitoka Machi 1995. Inaanza Zaire, mwaka wa 1967, na virusi vya kubuni vinavyoitwa Motaba. Virusi vya kubuni ni sungura wa bibi, viruhusiwe. Lakini tumbili anayevibeba kutoka msitu wa Zaire ni wa aina inayoishi Amerika ya Kati na Kusini tu. Mwindaji yeyote wa Walikale angemwona kuwa mgeni. Dawa inatengenezwa kwa muda wa masaa kutoka kwa damu ya tumbili huyo. Na nguzo ya hadithi ni kwamba jeshi lilikuwa na dawa tangu zamani, likaificha.

Miezi miwili baada ya filamu hiyo kutoka, Ebola ya kweli ilitangazwa Kikwit, katika Zaire ya kweli, ikaua watu zaidi ya 240. Mwaka wa 2006, miaka 11 baada ya mlipuko huo, damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit ilikuwa bado na kinga dhidi ya virusi hivyo. Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongomani aliyekuwa Yambuku tangu mlipuko wa kwanza wa 1976, pamoja na wenzake wa Marekani, walitoa kwenye damu hiyo msingi wa dawa. Dawa hiyo ilijaribiwa hapa Kongo, Beni, Butembo na kwingine, kuanzia mwisho wa 2018, ikaonyesha mwaka wa 2019 kwamba inaokoa, na ikapitishwa rasmi Marekani mnamo Desemba 2020. Tangu mgonjwa wa Kikwit hadi dawa iliyopitishwa ni miaka 25. Filamu ilitumia alasiri moja.

Hapa mtetezi wa filamu atasema: nani atatazama miaka 25? Ana haki kuhusu muda. Kila hadithi inafupisha. Lakini tazama kile kilichofupishwa. Wakati wa mlipuko wa 2018 hadi 2020, uliogusa watu zaidi ya 3,400 na kuua zaidi ya 2,200 katika Kivu Kaskazini na Ituri na jirani zake, maneno mengi yalizunguka sokoni: dawa iko, wakubwa wanaificha, ugonjwa umeletwa kwa biashara. Hakuna anayeweza kusema filamu moja ilizaa maneno hayo. Yalikuwa na mizizi yake katika vita, katika fedha zilizoonekana ghafla, na katika raia kusahauliwa miaka mingi. Lakini umbo lake lilikuwa lilelile: tiba iko tayari, kuna anayeinyima. Anayeamini hivyo hatapokea chanjo, na atamwona muuguzi kama adui. Wapo wahudumu wa afya waliolipa imani hiyo kwa maisha yao.

Filamu hiyo ilificha kitu kingine pia. Ndani yake, Zaire inatoa ugonjwa na tumbili, Amerika inatoa akili. Katika ukweli, damu ilikuwa ya Kikwit, na mmoja wa wenye akili alikuwa mtoto wa nchi. Filamu ya Congo, ya mwaka huohuo wa 1995, inafanya hivyohivyo na milima ya Virunga: mji uliopotea wa Zinj, almasi, sokwe walinzi wanaoua. Sokwe wengine hata hawapo duniani, na hiyo si kitu. Lakini Virunga ya filamu haina karibu mtu anayeuliza, anayepima, anayejua njia za mlima kwa elimu. Mtoto wa Kibumba akitazama, anaona milima yake bila watu wake.

Je, ukweli unaua utamu? Contagion ya 2011 ilijibu. Virusi vyake ni vya kubuni, lakini wataalamu walisaidia kueleza namna ugonjwa unavyopita kutoka mkono hadi kitasa cha mlango hadi uso, na namna uvumi unavyokimbia pamoja nao. Watu walipoitazama tena kwa wingi mwaka wa 2020, wakati wa Corona, hawakuisifu kwa milipuko. Waliona kwamba hofu yao ilielezwa kabla haijawafikia.

Hakuna haja ya kufunga kumbi za video wala kumkataza mtoto filamu. Wanaotafsiri filamu kwa Kiswahili, ambao mara nyingi wanaongeza maneno yao wenyewe juu ya picha, wanaweza kutia neno moja zaidi gari linapopita juu ya lava: hapa wanatudanganya, usijaribu. Vijana wa Goma wanaoandika na kupiga filamu fupi kwa simu wanaweza kubuni sayari, mashine na sokwe wanaosema kadiri wanavyotaka, mradi bonde la mazuku liue kwa namna linavyoua kweli. Na mzazi, ndani ya nyumba ya mbao au chini ya shitingi, anaweza kuuliza baada ya filamu swali moja: katika haya yote, lipi ungelifanya kweli siku mlima ukiamka? Mtoto akijibu kwamba angevuka lava, mazungumzo hayo yafanywe usiku uleule, kabla ya kulala.